Anga Lenye Mfuko

Nyumba ya Mama Cherehani ilijaa vitu vipya vilivyozeeka bila kutumika. Kiti chake kizuri kilikuwa bado kimevikwa nailoni ya dukani, na nailoni yenyewe imegeuka rangi kwa kukaa. Saa ya ukutani ilipiga kutoka ndani ya mfuko wake kama mtu anayezungumza chini ya shuka. Birika la umeme lilikaa rafuni na kikaratasi chake shingoni, na maji ya chai yakaendelea kuchemka kwenye sufuria iliyopinda mdomo.

Vyote hivyo vilitoka kwa mtoto mmoja, kitinda mimba wake, binti aliyekwenda kutafuta kazi mbali. Siku ya kuondoka, kiti kile kikiwa kimeingia ndani asubuhi hiyo hiyo, binti alisimama mlangoni na begi lake akasema, "Usivue nailoni, mama. Nitakuja kuivua mwenyewe, tukalie pamoja." Ulikuwa mzaha wa kuzuia machozi. Lakini mzaha ukilala nyumbani muda mrefu huamka ukiwa mwiko. Wageni walikalia nailoni ikalia chini yao, wakauliza mara moja, wasiulize tena. Mama mtu mwenyewe hakukikalia kabisa. Alikaa kwenye kigoda chake cha cherehani.

Kwa hiyo skrini ya zamani ya kompyuta ilipozima moja kwa moja, na binti akatuma mpya, pana kama dirisha la benki, kila mtu angeweza kubashiri kitakachotokea. Kaka mtu, dereva wa lori, alikuja kuifunga. Alichomeka kebo kwa nguvu zile zile anazofungia mlango wa lori, akapangusa mikono na kusema, "Tayari." Alipotaka kubandua ile karatasi laini ya plastiki iliyogandishwa usoni mwa skrini, mama yake alimpiga kofi mkononi.

"Hiyo inamngoja mwenyewe."

"Mama, hiyo si ya kungoja, ni ya kutupa."

"Hata wewe ulikuja na yako ukizaliwa, na sikukutupa."

Dereva akacheka, akaenda zake. Alikuwa na safari.

Jumapili ndiyo iliyokuwa siku ya kuonana. Mama Cherehani alioga, akajifunga kitambaa cha kichwa kinachofaa kutokea nacho, akaketi mbele ya skrini kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Binti akatokea. Kulikuwa na ukungu, ndiyo, kama kutazama mtu kupitia mvuke wa sufuria, lakini alikuwa mkubwa, karibu ukubwa wa mtu wa kweli. Na nyuma yake, upande wa kushoto, palikuwa na mraba wa buluu.

"Hilo ndilo dirisha lako?" mama aliuliza siku ya kwanza ya skrini mpya.

Binti aligeuka nyuma kidogo, akarudi. "Ndilo, mama."

"Anga la huko ni safi."

Na tangu hapo kila Jumapili anga lilikuwa safi. Hapakuwa na wingu hata moja, wala jua kuchwa. Mama Cherehani aliwaambia majirani kwamba binti yake anaishi mahali ambapo mvua haijui njia.

"Umenenepa, mwanangu," alisema Jumapili hii tunayoizungumzia.

"Mimi?"

"Wewe. Mashavu hayo! Na umeiva, una wekundu wa mtu anayekula akalala. Mungu asifiwe."

Binti alisogea karibu, uso ukajaa skrini, kisha akavuta kola ya sweta lake. "Mama, hebu niambie. Sweta hili ni la rangi gani?"

"Si nyekundu?"

"Sawa," binti akasema. "Nyekundu."

Mama aliijua ile sawa. Ni sawa anayopewa mtoto aliyesema mbili na mbili ni tano, na mwalimu amechoka. Akafunga mazungumzo kwa desturi yao.

"Kitendawili."

"Tega."

"Nina mgeni hapigi hodi, haalikwi, na kiti kipya hukikalia wa kwanza."

Binti akafikiri, akakisia paka, akakisia usingizi, akashindwa. Na anayeshindwa kitendawili hana budi kumpa mtegaji mji, ndipo ateguliwe. "Nipe mji," mama akadai. Binti akampa mji wa mbali ambao hakuna aliyewahi kuufikia. Mama akaukataa. Akampa mwingine. Mama akaukubali akasema, "Nimekwenda mji huo, nimekula, nimeshiba. Mgeni ni vumbi."

"Wewe mama una miji mingi kuliko wafalme."

"Lakini huo uliomo hujanipa hata siku moja."

"Huu siutoi. Nina kazi nao."

Wakacheka wote wawili, picha ikakatika. Nyumba ikabaki na sauti ya saa ndani ya mfuko.

Tangu jioni hiyo Mama Cherehani alianza kujipima. Kila akiamka, kabla ya kunawa uso, alichukua sindano nyembamba kuliko zote akaitunga uzi kwenye mwanga wa mlango. Uzi ukapita. Aliushukuru. Kisha akajiuliza: kama uzi unapita, kwa nini mtoto alisema sawa namna ile? Hakuwa na wa kumuuliza. Alilipanga swali pamoja na vifungo, kwenye kopo, akafunika.

Dereva alikuja katikati ya wiki bila taarifa. Hakuketi. Alisimama katikati ya chumba akanyoosha mkono.

"Mama, hivi ni vingapi?"

Mama Cherehani alikuwa akipinda ukingo wa suruali ya mtu. Alitazama vidole, akamtazama mwenye vidole. "Vitatu, na vyote vinahitaji sabuni."

"Sifanyi utani. Kitinda amenipigia. Anasema njano unaiita nyekundu, na mambo mengine unayaona sivyo kabisa."

"Mambo gani mengine?"

"Hakusema. Amesema tu sivyo kabisa. Alikuwa analia." Dereva akashusha mkono. "Mama, mshonaji asiyejua rangi, kesho atamshonea bwana harusi suti ya zambarau."

"Atakuwa bwana harusi wa kwanza kuonekana."

"Nimepanga. Utahamia kwangu. Chumba kipo, mke wangu amekubali."

"Amekubali, au ulimwambia?"

"Atakubali. Na hiyo cherehani tutampa mtu mwenye macho. Jumatatu nakuja na lori."

Aliongea kwa upole, na upole ndio uliouma. Angefoka, mama angejua pa kumshika. Mama Cherehani alikata uzi, akachukua ile sindano nyembamba, akaitunga mbele ya pua ya mwanawe mara moja tu, bila kuusogelea mwanga, akamkabidhi.

Dereva akaishika kama mtu aliyepewa mdudu. "Kuona karibu ni kitu kingine," alisema, lakini sauti ilikuwa imepungua. "Basi mwite fundi aitazame skrini. Ikiwa kosa ni lake, Jumatatu nitaondoka na lori tupu. Ikiwa si lake..."

"Ikiwa si lake nitakuwa nimekaa mlangoni na kopo langu la vifungo. Nenda, unanizibia mwanga."

Fundi wa kompyuta alikuwa mwanamke mnene mwenye mkoba uliojaa waya kama mkoba wa mkunga. Aliukalia kwa bahati mbaya ukingo wa kile kiti, nailoni ikalia, akanyanyuka mwenyewe bila kuambiwa akavuta kigoda.

"Tatizo ni nini, mama?"

"Sijui kama ni langu au ni la skrini."

"Wengi huniambia ni langu mimi fundi. Tuanze." Akaiwasha. Akatafuta picha, akafungua moja: dereva amesimama kando ya lori lake siku alipokabidhiwa. Fundi akainamisha kichwa. "Huyu kijana ana mwili."

"Huyo? Huyo ni mwembamba kama ufito. Nilidhani amepigwa picha baada ya kula."

"Tazama magurudumu ya lori, mama."

Mama akatazama. Hakuwa amewahi kuyatazama. Yalikuwa mapana, yamelala kama mayai.

"Gurudumu haliwi yai," fundi akasema. "Kompyuta yako bado inadhani ina ile skrini ya zamani, ya mraba. Inatoa picha ya mraba, na hii pana inaivuta huku na huku ijae. Ni kama kumvalisha mtoto gauni la mama yake kwa kulivuta badala ya kulipunguza." Akaingia kwenye mipangilio, akabonyeza hapa na pale. Skrini ikazima, ikarudi. Magurudumu yakawa mviringo. Dereva akawa ufito. Hata maandishi madogo yaliyokuwa yamevimba yakasimama sawasawa.

Mama Cherehani alifurahi kwanza. Ni mazima macho yangu, alijisemea, ni mazima. Kisha mkono wake ukaacha kuichezea tepu ya kupimia iliyokuwa shingoni.

"Fundi. Na mtu aliyekuwa akiongea nami humu, naye alikuwa anavutwa?"

"Kila kitu, mama. Mtu, mbwa, mlango."

"Mtu akionekana humu amenenepa kidogo tu, basi mwenyewe yukoje?"

Fundi hakujua anaulizwa nini. Alikuwa ameinama nyuma ya meza. "Mwenyewe ni mwembamba. Tena sana. Nani alichomeka kebo hii?"

"Dereva wa lori."

"Inaonekana." Akaichomoa akaileta mwangani. Ncha yake ilikuwa na viguu vingi vidogo vya chuma, na kimoja kilikuwa kimelala, kimekunjwa na nguvu. "Hiki hapa. Hiki ndicho kinachopitisha kijani. Kikilala, kijani haifiki. Na pasipo kijani, njano hugeuka nyekundu, nyeupe hugeuka waridi, na watu wote wanakuwa na wekundu kama waliotoka kwenye baridi."

"Wekundu wa afya," mama akasema polepole.

"Afya ya waya, mama." Fundi akakinyoosha kiguu kwa kibano, taratibu, kama mtu anayetoa mwiba kwenye kidole cha mtoto. Akachomeka. Ukuta wa nyuma ya lori ukawa njano. Majani yakarudi kwenye miti.

Ukabaki ukungu. Fundi akasogeza pua kwenye skrini, akaikwangua kwa ukucha pembeni, akatabasamu. "Na hii mnaiacha ya nini? Hii ni ya safari tu, isikwaruzwe njiani. Ndiyo inayoleta ukungu." Akashika pembe kuibandua.

"Hiyo usiguse."

Haikuwa sauti ya ukali, lakini fundi aliachia. Akageuka. Kwa mara ya kwanza akakitazama chumba: kiti, saa, birika na kikaratasi chake. Alitazama kwa muda, na mafundi wameingia nyumba nyingi, wameona mengi. Akaanza kukunja waya zake.

"Macho yako hayana kosa, mama. Mwambie dereva nimesema hivyo. Yangu nimemaliza. Hilo lililobaki si la fundi."

Zilizofuata zilikuwa siku ndefu. Mama Cherehani alishona akafumua. Alipika sufuria ya mtu mmoja, akala nusu. Jirani alipopita kumsalimu akauliza habari za binti wa mahali pasiponyesha, alijibu "mzima," akarudi kwenye cherehani.

Maana sasa alikuwa anahesabu upya. Zile Jumapili zote alizosema umenenepa, mtoto alikuwa anamsikia akiwa mifupa mitupu. Zile sifa zote za wekundu. Ndiyo sababu alilia kwa kaka yake: hakulilia njano. Alilia kwa kuwa mama yake alimtazama usoni, akamwona mzima.

Kuna wakati, akiwa peke yake na saa, alitamani kumrudia fundi amwambie, kikunje tena kile kiguu. Nirudishie mtoto wangu mnene. Nani angemlaumu? Mtu hula kwa macho pia, na yeye alikuwa ameshiba miezi. Ule ukungu uliobaki, aliuona sasa kama pazia ambalo mtu mwenye adabu halifunui. Ndani mwake alijua si adabu. Ni woga.

Jumapili ikafika. Akajifunga kitambaa cha kichwa. Akaketi.

Binti akatokea, na kweli alikuwa amepungua, na rangi yake ilikuwa ya jivu lililomwagiwa maji. Lakini ukungu ulikuwepo bado, ukalainisha. Mtu angeweza kusema ni mwanga tu. Nyuma, mraba wa buluu ulikuwa mahali pake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Kaka anasema fundi alikuja. Picha imetulia?" Aliuliza kama mtu anayeuliza matokeo ya mtihani ambao hakuusomea. "Unanionaje leo?"

Mama alifungua mdomo kusema umependeza. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Akalimeza.

"Ngoja kidogo," akasema.

Akachomoa sindano kwenye kifua cha gauni lake, akaichokoa pembe ya juu ya ile karatasi, akaishika kwa vidole viwili. Ilibanduka kwa sauti ndefu ya kunung'unika, na ilipokuwa inaondoka iliondoka na ukungu wote, kuanzia kichwani mwa binti, ikashuka kwenye macho, kwenye mashavu, kwenye shingo. Mifupa ya mabega ikasimama chini ya sweta la njano kama mtu aliyening'iniza nguo bila kuivaa. Nyuma yake palikuwa na shuka iliyofungwa kamba, na chini ya shuka miguu ya mtu mwingine ikapita, ikaenda, bila salamu. Kitanda kilikuwa juu ya kitanda kingine.

Na anga lilikuwa na mfuko.

Mama Cherehani alitazama mara mbili. Lilikuwa na mfuko, na kola, na kamba za kufunga kiunoni. Lilikuwa aproni la buluu la kufanyia usafi, limetundikwa kwenye msumari. Hapakuwa na dirisha.

"Mama?" binti akaita. "Umetoa ile karatasi? Si tulisema nitaitoa mimi?"

"Dirisha lako limefumuka mfuko," mama akasema. "Upande wa kulia. Ulipaswa kurudia mshono pale juu, nilikufundisha."

Binti akageuka akalitazama aproni. Aliporudi, hakuwa na pa kuuweka uso wake. Kwenye skrini pana hakuna pembe ya kujificha.

"Sikusema ni dirisha," akanong'ona.

"Mimi ndiye niliyesema. Wewe uliniitikia tu." Mama akakisogeza kigoda karibu mpaka magoti yakagusa meza. "Umeumwa."

"Kifua. Kimeshapita."

"Nani alikuwa anakuchemshia maji?"

Nyuma ya shuka mtu alikohoa, na hakuwa akimkoholea mtu yeyote.

"Hakuna," binti akasema. "Kila mtu hapa ana zamu yake. Nikirudi wanatoka, wakirudi natoka. Mama, wakati mwingine sauti yangu naisikia Jumapili tu." Akajaribu kucheka. "Na wewe unaniambia nimenenepa. Nikasema, basi, mama naye ameniacha. Haoni tena. Ningerudi kwa mtu asiyeniona?"

"Rudi kwa anayekuona."

"Na nini, mama? Nirudi na nini mkononi?"

Mama alitazama chini, ile karatasi imejikunja mapajani mwake kama ngozi ya nyoka, haina uzito. Akainua kichwa.

"Kitendawili."

"Mama, leo siwezi."

"Kitendawili."

Binti akafuta pua kwa mkono wa sweta. "Tega."

"Kilipokuwa kibovu kilinipa mtoto mzima. Kilipopona kikanipa mtoto mgonjwa. Nami nakishukuru."

Binti alilijua jibu. Lilikuwa mbele yake, alikuwa ndani yake. Alitikisa kichwa.

"Umeshindwa?"

"Nimeshindwa, mama."

"Nipe mji."

Akataja mji wa mbali.

"Ninao huo."

Akataja mwingine, wenye reli.

"Ninao."

Binti akatazama shuka, akatazama aproni, akatazama kitanda kilichokuwa juu ya kitanda chake. Kisha, kwa sauti ya mtu anayetua mzigo asijue kama ardhi ipo, akautaja mji ule aliomo.

Mama Cherehani aliinamisha kichwa akiupokea, kama ilivyo heshima kwa mji mkubwa.

"Nimeukubali," akasema. "Mji sasa ni wangu, na mitaa yake, na hicho chumba kisicho na dirisha. Jibu sikupi, unalo. Lakini mimi mwenye mji natoa amri moja. Wewe hapo, mwenye sweta la njano: toka mjini kwangu, rudi nyumbani."

"Mama..."

"Kaka yako alipanga kuja kesho na lori kunihamisha, lakini sihami tena. Nitampa kazi nyingine. Atakungoja kituoni, siku utakayosema. Atalalamika, mwache, ndiyo kazi yake. Hapa kuna kiti sijakikalia, saa haijapumua, birika halijawahi kuona maji. Umeniuliza urudi na nini mkononi. Rudi na kucha. Vyote hivi mimi siwezi kuvivua peke yangu."

Binti alisimama, akatoka kwenye picha. Ukabaki ukuta, na aproni, na mfuko wake uliofumuka. Mama Cherehani akakaa akiutazama ukuta huo, mikono mapajani, katika nyumba iliyokuwa kimya isipokuwa saa. Alikaa muda wa kutosha kuogopa kwamba amri yake imekataliwa.

Ndipo akaisikia zipu. Mshonaji hahitaji kuiona zipu ili kuijua. Ile ya gauni huimba, ile ya suruali hukohoa. Hii ilikuwa nzito, ya meno makubwa, yenye kuzunguka pembe nne. Ilikuwa ya begi, nayo ilikuwa ikifunguliwa.